Fisi Wangu wa Kwenye Simu

Jumamosi, usiku

Hakuna aliyekuja. Leo ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea majirani wa jumuiya waje kusali. Mama alifagia uwanja tangu alfajiri, akachemsha viazi, akatandika mikeka. Ikabaki mitupu mpaka jua likawa kali.

Yote kwa sababu ya gemu. Nikicheza mtandaoni na washikaji, huwa naita mnyama wangu wa kichawi, fisi, aje anisaidie vitani. Jirani yetu Mama Selina alinisikia kupitia dirisha nikipiga kelele: "Fisi, njoo! Wamalize, usibakize hata mmoja!" Kesho yake ndama wake akafa. Hapa Sumbawanga, ambako watu wanaamini wachawi hufuga fisi, nani atauliza zaidi?

Mchana nikajiona nina akili. Nikamkalisha Mama, nikamshikisha simu. "Tazama, Mama, ni mchoro tu." Nikabonyeza. Fisi akatokea kwenye moshi, macho mekundu, akaja mbio.

"Anakujua," Mama akasema taratibu, akafanya ishara ya msalaba.

"Ni mchezo, Mama!"

"Sawa, mwanangu. Anakula nini?"

Na mimi mjinga, nikajibu bila kufikiri: "Nyama."

Nimeshaifuta gemu, pamoja na fisi niliyemlea mwaka mzima. Lakini nitamwonyesha nani kwamba nimeifuta? Nikisema fisi hayupo tena, wataniuliza nimemtuma wapi.

Mama amelala. Leo amefunga mlango wa chumba chake kwa komeo. Tangu nizaliwe sijawahi kulisikia lile komeo.