CD Kumi na Moja za Baba

Jumanne, 15 Julai

Nanakili CD ya sita. Nashona pindo, nainuka, nabadilisha CD, narudi kwenye cherehani. Laptop kaniazima Sudi, mtoto wa mama mdogo, mwenye kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi kule Sinza. Kaniwekea kila kitu tayari: MP3, saizi ndogo kuliko zote. Kwake sifa ni wingi, nyimbo elfu kwenye kadi moja. Sikuuliza zaidi.

CD ni za marehemu baba. Alipiga fidla na kuimba kwenye kikundi cha taarabu Temeke, na hakuna kwingine alikorekodiwa. Redio ya mama ya kuchezea CD imekufa. Nimemnunulia kichezeshi kidogo cha muziki chenye kadi ya kuwekea nyimbo na vitufe vikubwa, akitumie kwa kupapasa, maana macho yamepungua sana.

Jumatano, 16 Julai

Nimemaliza. Zote kumi na moja zimekaa kwenye kona ya kadi, nafasi imebaki tele. Nimejisifu mwenyewe kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kunisifu. Mzee Kombo jirani kapita kuulizia CD zisizotumika, za kufukuzia ndege kwenye bustani yake ya mchicha bondeni. Nikampa zote. Sanduku limepata nafasi.

Ijumaa, 18 Julai

Mama kasikiliza baada ya swala. Nilikaa nikingoja machozi. Hakulia. Alivua hedifoni, akaziweka mapajani. Akasema fidla inasikika kama inapigwa ndani ya ndoo. Halafu akanirudisha pale bashrafu, ule mwanzo wa ala tupu, inapoingia kwenye wimbo. Kuna kimya kidogo hapo, kama uzi umekatika.

"Hapa baba yako hakunyamaza," akasema. "Mie nilikuwapo."

Kweli alikuwapo. Alikuwa mwitikiaji, kiti chake nyuma ya kiti cha baba. Nilikasirika. Nikamwambia ni masikio ya uzee. Maneno mabaya kuliko yote niliyomwambia mwaka huu. Aliuliza tu CD ziko wapi. Nikasema zipo.

Jumamosi, 19 Julai

Sinza. Sudi kacheka. Anasema hakuna binadamu anayesikia tofauti, sembuse bibi wa miaka sabini na sita. Nilipombana akakiri. MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo, na ukiiweka ndogo kabisa inatupa nyingi. Tena huacha kijikimya kati ya kipande na kipande. Ipo WAV, haipunguzi kitu, ila ni kubwa na CD zangu hazitaenea kwenye kadi. Ipo FLAC, inakunja bila kutupa.

Hilo nikalielewa hapo hapo. Kitambaa kilichokunjwa utakikunjua. Kilichokatwa ndiyo basi.

Nikauliza kama MP3 zangu zinageuzwa kuwa FLAC. Zinageuzwa, ila kilichotupwa hakirudi. Lazima CD zenyewe. Nikakaa kwenye benchi la wateja. Nimemtupa baba kwa mikono yangu. Majuto ni mjukuu.

Jumapili, 20 Julai

Bondeni asubuhi. Nimezikuta zinaning'inia juu ya matuta ya mchicha, zinazunguka, zinametameta. Zinapendeza, sikatai. Siku nne za jua kali. Afadhali CD huzaliwa na tundu katikati, la sivyo angezitoboa.

Nimetoa shikamoo, nikaanza kubembeleza kabla hajaitikia vizuri. Mzee Kombo hakuwa na shida, alitaka tu cha kuzibadili. Nimempa mfuko mzima wa vipande vyekundu vya vitambaa. Moja ina kinyesi cha ndege, kwa hiyo hata ndege hawakuogopa. Zilikuwapo kumi. Ya saba, yenye ile bashrafu, imekutwa ndani ya mfereji. Nimeitoa kwenye tope kwa mkono.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwambia mama ukweli wote. Hakufoka. Bora angefoka.

Nimeziosha kwa maji na sabuni, nikazifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha. Dawa ya meno kwenye mikwaruzo. Nimesoma kijitabu cha kichezeshi mstari kwa mstari: FLAC kinaisoma. Safari hii sipokei cha kuwekewa. Bashrafu na wimbo wake nitavinakili kama faili moja, visitenganishwe.

Tano zimekubali. Ya saba inazunguka, inalia, inatemwa. Nimeijaribu mara nane. Naogopa.

Jumatano, 23 Julai

Kumi tayari. Imebaki ya saba.

Dawa ya meno mara ya tatu. Nimeiambia kompyuta isome polepole kuliko zote. Ikaanza. Saa nzima na nusu sikugusa hata meza. Mteja kaja, nimemfukuza kwa ishara. Ikasita karibu na mwisho. Ikaendelea. Ikafika.

Nimepiga vigelegele peke yangu chumbani mpaka jirani kaja kuuliza nani kaposwa. Halafu nimelia.

Alhamisi, 24 Julai

Sudi kaja kuchukua laptop, bado anacheka. Nikamwambia ampime mama mwenyewe. Mama kampa mgongo. Wimbo mmoja, mara MP3, mara FLAC, Sudi anachagua. Mama kataja ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Kufika ya sita Sudi kaacha kucheka. Ya tisa akafanya ujanja, akarudia ileile.

"Mwanangu, hiyo umeshaipiga," mama akamwambia. "Usinichoshe."

Kumi kwa kumi. Sudi kainama kumwomba radhi mama yake mkubwa, kisha akataka ajue anasikia nini. Mama akamwambia kwenye ile mbovu baba havuti pumzi. Utu uzima dawa. Nimetamba mpaka kwa muuza maji. Kadi imejaa karibu yote na sijawahi kufurahia kukosa nafasi namna hii. TUMESHINDA.

Ijumaa, 25 Julai

Alasiri. Mama yuko kwenye mkeka mlangoni, hedifoni masikioni. Mie nashona.

Bashrafu imefika mwisho, nadhani, maana vidole vyake viliacha kugonga goti. Akavuta pumzi. Kisha akaitikia. Kwa sauti, mbele za watu wanaopita, sehemu yake yote kama ilivyokuwa. Alikuwa hajaimba tangu baba afariki.

Nimesimamisha cherehani. Gauni la mtu litasubiri.