Nilisema Usimwage, Mkwe Akasikia Mwage

Mpendwa mshauri, naomba msaada wa maiki, na najua hapo ulipo unasema huyu mzee kakosea ukurasa, aende kwa fundi, lakini kwa fundi nimeshakwenda na fundi kanicheka, na isitoshe jambo lenyewe limeingia mpaka kwa binti yangu, ambaye wiki ya pili sasa ananiwekea chai mezani bila salamu, kwa hiyo ni la familia, ni lako.

Mimi shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe iliniacha, hatujakubaliana mpaka leo. Kazi yangu ni kusimama nyuma ya malori kwenye ujenzi wa ghorofa, nina redio ya upepo mkononi, ile ya kubonyeza kitufe ndipo useme, namwelekeza dereva arudi nyuma, akate kushoto, asimame, amwage mchanga. Mmoja wa madereva ni mkwe wangu, mume wa huyo binti, mpole mpaka unatamani umfinye uone kama ana sauti, na kazi hii ni yeye aliyenitafutia.

Shida ni sauti yangu. Redioni inatoka kama ya mtu aliyefunikwa sufuria kichwani, ndiyo maana hapa kazini wote wananiita Mzee Sufuria, hata mama anayetupikia, ambaye sufuria ni zake. Juhudi nimefanya. Niliona upepo unaingia kwenye maiki nikaiziba kwa kipande cha sponji ya godoro nikakifunga na mpira, sauti ikazidi kuzama, nikaja nikavichokoa vile vitundu vya maiki kwa sindano ya kushonea viatu, hola, nikaanza kupiga kelele maana dereva yuko mbali, na redio nikaibandika mdomoni kabisa, mpaka mama wa chakula akaniambia, "Mzee Sufuria, hiyo usiile, wali unakaribia kuiva."

Basi Jumatatu ile mkwe kaja na tipa limejaa mchanga mbichi, anarudi nyuma taratibu, mimi naona anakielekea choo cha mabati, na ndani ya choo yumo nyapara wetu, nilimwona akiingia na gazeti, tena lenu. Kutahamaki tipa linainuka. Nikabonyeza na kupiga kelele kwa pamoja, "Usimwage hapo!"

Akamwaga. Wote. Mlango wa choo ukazikwa mpaka bawaba ya juu, na kutoka mle ndani tukaisikia sauti ya nyapara, safi kabisa, wala haikuhitaji redio.

Tumechota kwa koleo karibu saa nzima. Mkwe ananiuliza huku anachota, "Baba, si umesema mwage hapo?"

"Nimesema usimwage!"

"Mimi nimesikia mwage hapo. Hata nikajisemea, leo Baba ameniomba kwa adabu."

Watu wakacheka, nyapara alipotoka hakucheka. Akauliza, "Nani kafanya hivi?" Na hapo, mshauri, ulimi ukaniteleza, nikasema dereva alikuwa amefungulia muziki mle ndani ya lori, hasikii. Muziki wa lori lile umekufa tangu mimi nina nywele. Nyapara hakupanda hata kuangalia. Mkwe akanitazama, akasema, "Kama Baba amesema," basi. Kaambiwa mwisho wa mwezi akabidhi ufunguo wa lori aende zake.

Sasa mimi nimepiga hesabu zangu hivi, nikiisafisha sauti yangu kabla ya mwezi kuisha, nyapara atafurahi, na mtu akifurahi husahau, habari ya muziki itajifia yenyewe na mkwe atabaki. Kwa hiyo niambie, maiki nzuri ni ipi? Sponji niongeze au nipunguze? Jibu upesi, na jina langu usilitoe, hata lile la sufuria.

Ni mimi, mzee wa nyuma ya malori.

JIBU

Mzee wangu, barua yako nimeipandisha juu ya tatu za wivu na moja ya mama anayegombania kabati, kwa sababu mwezi unaisha Jumamosi hii. Jina la sufuria nimeshindwa kulificha, limejaa barua nzima. Pole kwa kuitwa hivyo. Pole zangu zimeishia hapo.

Kabla ya kukalia kiti hiki nilikaa miaka kumi na mmoja kwenye chumba cha redio, nikiongea na madereva wa magari ya wagonjwa, kwa hiyo kwa fundi hukuwa na haja ya kwenda. Toa sponji hiyo leo hii. Umeilaza maiki kwenye godoro halafu unashangaa imesinzia! Sindano irudishe kwa mshona viatu. Nyuma ya vile vitundu kuna utando mwembamba sana, na kama umeshautoboa, kaombe redio nyingine stoo, hiyo umeiua. Vumbi linatolewa kwa brashi laini, kavu. Redio ishike wima, vidole vitatu kutoka mdomoni, kidogo pembeni, pumzi ipite kando. Upepo ukivuma, upe mgongo. Na kelele za nini? Inayosafiri mpaka kwa dereva ni redio, si koo lako. Ukiipigia kelele inapaliwa. Ongea kama na mtu mliyekaa naye benchi moja.

Lakini si sponji iliyomzika nyapara. Aliyemzika ni kidole chako. Umeandika mwenyewe kwamba ulibonyeza na kupiga kelele kwa pamoja. Redio ukiibonyeza inataka kitambo kidogo iamke, na utakachosema kabla haijaamka unabaki nacho mwenyewe. Na Kiswahili chetu, mzee wangu, kinaweka katazo mlangoni mwa neno. "Usimwage" ikikatwa kichwa inabaki "mwage". "Hatuko tayari" inabaki "tuko tayari". "Hapana mtu nyuma" inabaki "pana mtu nyuma". Mkwe wako alisikia sawasawa kabisa kile ulichomrushia. Masikio yake hayana kasoro.

Kwa hiyo bonyeza, hesabu moja moyoni, ndipo ufungue mdomo, na kitufe usikiachie mpaka neno la mwisho limetoka. Na hizo "usi" zako ziache nyumbani. Ukitaka lori lisimame, sema "Simama! Simama!" Hata redio ikiimeza "si", inabaki "mama", na sijaona dereva atakayesikia mzee analia mama nyuma ya lori lake asikanyage breki.

Ulichoniuliza nimekimaliza. Sasa ulichokizunguka.

Unataka nyapara asahau. Mtu aliyekaa chooni saa nzima chini ya mchanga hasahau, mzee wangu, hata umwimbie. Na hata angesahau, mkwe wako je? Amekutafutia kazi, wewe unamtoa kwenye yake kwa muziki usiokuwepo. Aliposema "Kama Baba amesema" hakuwa anakubali. Alikuwa anakupa nafasi useme upya, mbele za watu, bila yeye kukuaibisha. Wiki mbili umeikalia nafasi hiyo unashona sponji. Binti yako kukunyima salamu kakuonea huruma. Mimi hata chai nisingekuwekea.

Kesho asubuhi, kabla malori hayajawashwa, nenda kwa nyapara na redio mbili. Mpe moja, msogeze mbali, halafu bonyeza na kusema kwa pamoja kama siku ile. Aisikie "mwage" kwa masikio yake. Kisha mrudie kwa miguu, mkwe akiwa amesimama hapo hapo, useme wazi kwamba muziki haukuwepo na uliutunga wewe. Mwambie apande kwenye lori ajaribu kuuwasha. Atafoka, mwache afoke. Akitaka redio yako, mpe. Akitaka kukufukuza wewe badala ya mkwe, hiyo ndiyo hesabu sahihi, ufunge mizigo bila kumtafuta mwingine wa kusingizia.

Na kwa mkwe wako usitume mtu, wala usipitie kwa binti. Msogelee mwenyewe umwambie, "Mwanangu, nilikusingizia, nisamehe." Ishia hapo. Usiongeze "lakini", wala usimfanyie utani. Halafu nyamaza umsikilize, hata kama maneno yake yatachukua asubuhi nzima, maana wiki mbili amekaa kimya kwa ajili yako.