Sindano ya Wanakondoo

Shangazi Merle, nisome mpaka mwisho ndipo unigombeze, nimebakiwa na siku nne tu.

Nina miaka arobaini na mmoja, tunafuga kondoo karibu na Oatlands, na tangu Machi nyayo zangu zimekufa ganzi, nikiinamisha shingo kama umeme unanishuka mgongoni, juzi nimeanguka bandani wakata manyoya wakacheka wakidhani nimelewa, na hapa Tasmania nani asiyemjua mgonjwa wa MS, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia ubongo na uti wa mgongo, binamu yangu Rhonda yuko kwenye kiti cha magurudumu. Daktari wa mishipa ya fahamu kule Hobart alisema picha ya uti wa mgongo ina doa, lakini doa peke yake halisemi ugonjwa gani, huenda ni MS, huenda ni upungufu wa vitamini B12, na mengine yanayofanana nayo, tusubiri damu. Sasa Shangazi, sisi wanakondoo wakidhoofu tunawachoma hiyohiyo B12, na mume wangu Darrell akaniambia, "Kinachomsimamisha mwanakondoo kitakusimamisha na wewe, hebu geuka," nami nikageuka, mara tatu, kabla ya kutolewa damu! Majibu yakaja B12 tele, daktari akaliondoa wazo la upungufu, akasema sasa anaegemea MS, na Alhamisi naanza dawa ya kupunguza kinga ya mwili. Sikumwambia kitu. Darrell anasema, "Nyamaza, atatuona washamba." Naona haya, ila naogopa zaidi. Nifanyeje?

Glenys

Glenys, pole sana mama. Sasa nakugombeza. Mficha maradhi kilio humuumbua, na wewe umeficha dawa, ni yaleyale. Daktari anahukumu kwa ushahidi mlioubadilisha ninyi wenyewe!

Siahidi kwamba si MS. Ikiwa ndiyo, dawa ya Alhamisi unaihitaji, kwa hiyo usikimbie miadi. Ila mpigie simu kesho asubuhi: mwambie mlichoma nini, kiasi gani, lini, na kama ganzi ilipungua baadaye, maana hilo hukuniandikia. Muulize ni vipimo gani bado vinaweza kusema kweli. Na sindano nyingine, marufuku.

Washamba? Kondoo wenu mnamwandikia daftarini kila dawa na tarehe yake. Alhamisi nenda na daftari hilo, jina lako likiwa ndani, na Darrell abebe chupa aeleze mwenyewe alivyokugeuza.