Mpira wa Saba Umetutoa Kimasomaso

Shule ya Saint-Aubert Mills,
Vermont.
26 Machi 2019

Mpendwa Dada Noëlla,

Hujambo, dada yangu? Magoti yanasemaje na joto la Arizona? Shemeji Armand kikohozi chake kimepoa? Sisi wazima. Theluji imegoma kuondoka, lakini miti ya mepo inatoa utomvu wake mtamu, tunauchemsha, na kijiji kizima kinanukia shira.

Nina furaha hadi kiti hakikaliki. Unajua bodi ya wazazi ilitaka kulifuta darasa langu la msituni, ambako wanafunzi hujifunza kwa kugema utomvu na kuupima kwa simu. Hata wewe ulisema kuwapa wanafunzi simu ni kumkabidhi fisi bucha. Haya, meza maneno yako taratibu, yasikukwame.

Mpira wa saba, unaoteremsha utomvu kutoka kilimani, ulikuwa ukipoteza mvuto wa pampu inayounyonya, na pipa letu halijai. Mzee Thibault, mwenyekiti wa bodi, akawa anaupitia kila asubuhi baada ya kukamua ng'ombe wake. "Kindi hao, wametafuna! Nunueni mpya, mrudi vitabuni." Lakini alama ya jino haikuonekana. Nami nikawauliza wanafunzi swali moja tu: ninyi mnataka kujua nini?

Kisha Delphine Roy, ambaye mwaka mzima hakuwahi kuuliza ila kengele italia lini, akasema, "Mi nataka kujua unaanza kuvuja saa ngapi."

Basi wakaunda vipimo vidogo vya mvuto, wakavitundika kwenye mipira, namba zikawa zinaingia kwenye simu zao. Betri zikafa kwa baridi. Wakazivisha soksi za sufu, wakaanza upya. Mimi nilikuwa nimejiuma ulimi nisiwaelekeze, na unanijua nilivyo na mdomo.

Delphine ndiye aliyeng'amua. "Mwalimu, mzee huja asubuhi, mpira umekaza kwa baridi! Jua likiupiga mchana, unalegea!" Wakapanda kilima mchana, wakakuta kiungio kinapumua nyuma ya mwamba. Wakakibadilisha, na jioni pipa likafurika.

Jana bodi ilikuja kupiga kura. Mzee Thibault akacheka, "Maskini kindi, nimewasingizia!" Delphine alikuwa katikati ya maelezo simu zao zilipolia zote pamoja: mpira wa tisa umeshuka mvuto. "Samahani, babu, tunakuja!" Wakavaa mabuti, wakatoka mbio, wakaiacha bodi imekodoa macho.

Dada, mikono yote ilinyooshwa. Darasa limepona! Nikakimbia hadi chini ya kilima, nikapiga kelele kuwapa habari. Hakuna aliyegeuka.

"Shh, Mwalimu!" Delphine akanikemea, sikio kwenye mpira. "Tunatafuta unakovuja!"

Nikanyamaza, nikalia kwa furaha palepale kwenye theluji.

Msalimie Shemeji Armand, na mjukuu wako Rosaire mbusu mashavu yote mawili. Shangazi Fernande anakusalimu. Mungu awape pumzi na usingizi mwema.

Mdogo wako akupendaye bila kupungua,
Lucienne