Picha ya Masika Shambani kwa Mzee Anyitike

Suad, usinipigie, soma tu.

Si unajua kila kiangazi na kila masika huwa napiga picha shamba la Mzee Anyitike hapa Mpuguso, palepale, yeye akiwa kasimama kwenye migomba yake?

Leo nimekuta majani yamefunga, shamba halionekani. Nikaona tuta kando ya nyumba, nikajua ni la viazi, nikapanda juu na kamera yangu.

Mkewe akatoka. Shikamoo yangu hakuitikia. Ananitazama miguu. Miguu tu, Suad!

Nami nacheka, eti, "Mama, niitie mzee, bila yeye picha hainogi."

Akasema polepole, "Shuka kwanza, mwanangu. Umemkanyaga."