Majirani Walewale wa Katesh

Dada Neema, shikamoo.

Nakuandikia kutoka kwa shangazi, hapa Katesh, nikiwa nimejifunika blanketi, maana baridi ya huu mlima haina utani. Shangazi amepewa nyumba kwenye mji mpya, baada ya matope yaliyoporomoka kutoka mlimani kufukia mtaa wao. Barabara zimenyooka, maji ni ya bomba. Ila nilichokipenda zaidi ni hiki: wanawake walikataa nyumba zigawiwe kwa kura. Wakapangwa kama walivyokaa zamani, jirani kwa jirani. Asubuhi shangazi kaita kutoka jikoni, "Mama Pendo, chumvi!" na chumvi ikaja. Upande wa pili kuna kiwanja kitupu chenye maua.

"Hapo ni kwa Bibi Paulina," akaniambia. "Matope yalimchukua. Tulisema asinyang'anywe nafasi yake."

Nimekukumbuka sana. Wasalimie majirani zako wa hapo Dar. Kama huwajui majina, kawaulize leo.

Mdogo wako, Yohana