Ile ya Kazi na Ile ya Heshima

Baba,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitakuwa zimebaki. Kwa sasa nina hasira na wewe, na sioni sababu ya kuificha kwa kuwa umekufa. Ulipokuwa hai niliificha vya kutosha.

Jana tumekusomea hitma ya arobaini. Wanawake wa mtaa wetu wa Bondeni walijaa ua mzima, masufuria yakatoka hadi barabarani. Nilifungua kabati la sebuleni nikatoa vikombe vya heshima, vile vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo hatukuruhusiwa hata kuvifuta vumbi, nikawamiminia chai waliokuwa jikoni wanamenya viazi. Mama alinitazama, akarudi kwenye viazi vyake. Kimoja kimevunjika. Nilikisikia kikivunjika na moyo wangu ukatulia kidogo.

Nyumba hii yote uliigawa mara mbili, Baba. Kulikuwa na sahani za kazi na sahani za heshima. Viti vya sebuleni vilivaa nailoni mpaka mgeni aje, sisi tukakaa kwenye mkeka. Rimoti ya televisheni ilikuwa ndani ya karatasi ya nailoni, tunabonyeza kwa kubahatisha. Hata watoto uliwagawa. Faraj alikuwa mtoto wa heshima, wa kupigwa picha, wa kupelekwa kusoma nje. Mimi nilikuwa wa kazi. Nilipomaliza shule ulinipeleka kwenye shamba letu la huko Bahati na pakiti ya mbegu, na mpaka leo niko huko.

Na zile bunduki ukazigawa vivyo hivyo. Hizo ndizo zimenifanya nikae chini niandike.

Unakumbuka tulivyozipata. Yule mzee Mzungu wa Naivasha alikuwa anahama, anauza kila kitu mpaka mapazia, nawe ukanichukua kwenye pikapu nikusaidie kupakia mabati. Akakuwekea bunduki mbili juu ya meza ya kulia. Kampuni moja, za mitutu miwili zote, za ukubwa uleule. Moja ilikuwa ya bei ya chini: chuma kitupu, jina la kampuni limepigwa muhuri tu, mbao za kawaida. Nyingine ilikuwa ya daraja la kwanza. Ubavuni ilichorwa kwa mkono, ndege wawili, kanga, wamejificha kwenye majani, na kitako chake cha mti wa jozi kilikuwa na mistari kama maji ya chai yanapochanganyika na maziwa. Nilinyoosha kidole nimguse kanga mmoja. Ulinipiga kofi mkononi.

Ulizizunguka zile mbili mpaka chai ya Mzungu ikapoa. Ulikwenda kutafuta moja ya kufukuzia nyani, na leseni yako ilikuwa ya moja. Baadaye ukahangaika na maofisa mpaka ukaruhusiwa zote, ukarudi kuzichukua. Lakini siku ileile, njiani kurudi Nakuru, uliniambia, ukiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona ukiwa nami, "Moja ya kazi, moja ya heshima." Mabati tuliyasahau Naivasha.

Basi ile ya heshima ikaingia kwenye sanduku lake la ngozi lenye mahameli ndani, sanduku likaingia kwenye sefu, na ufunguo wa sanduku ukaufunga kiunoni. Ulilifungua wageni wakija. Sisi tulisimama mlangoni tukitazama migongo ya wageni. Mvua ikinyesha ulifanya haraka kuhakikisha sanduku halijapata unyevu, na paa la jikoni likavuja juu ya kichwa cha Mama.

Ile ya kazi ulikuwa unaibeba Bahati. Na hapo ndipo nilipokuwa nakucheka, maana mpigaji mbovu kama wewe sijaona. Unainama, unakunja shingo, unajibana kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo, halafu puu, nyani wanapanda mti na hindi mkononi wakikutazama. Ulirudi nyumbani pua imevimba. Mama aliuliza, "Nyani wamekupiga ngumi?" Wewe ukasema bunduki ya bei ya chini ndivyo ilivyo. Kwa miaka yote hiyo ulikosa nyani na kuumia pua, na ile nzuri imelala kwenye mahameli. Nilikuuliza mara moja kwa nini usiichukue. Ulinijibu, "Ile haitoki."

Sasa nije kwenye siku zako za mwisho. Sukari ilikuwa imekumaliza miguu. Mimi ndiye niliyekugeuza, niliyekuosha, niliyekunyoa ndevu. Faraj alikuwa kwenye simu, uso wake ukikatika kila mtandao ukipotea. Na ulipopata nguvu ya kusema la maana, ulisema, "Ile ya heshima ni ya Faraj. Wewe, Rukia, chukua ile ya kazi." Kisha ukaomba maji, nikakupa kwa kijiko. Hukusema neno lingine juu yangu. Nilingoja, Baba. Nilishika kijiko pale mpaka ukalala.

Faraj hakuja kukuzika. Alisema tikiti imekuwa ngumu. Mimi nilibaki nyumbani na wanawake wenzangu, nawe ukashushwa kaburini na vijana wa majirani, wana wa watu ambao hukuwahi kuwafungulia sanduku. Walipokuosha walikukuta na ufunguo bado uko kiunoni. Mama alinikabidhi umefungwa kwenye kitambaa.

Bunduki zilipelekwa polisi, ndiyo sheria mwenye leseni akifa, kisha zikahifadhiwa kwa rafiki yako Mzee Balbir, pale dukani kwake, kwa kuwa yeye ana kibali cha kuuza silaha. Mimi nikaomba leseni kwa ajili ya shamba. Nilichunguzwa, nikahojiwa, nikapimwa mpaka macho. Ofisa akaniambia vizuri tu, "Madam, utachagua moja. Shamba halihitaji mbili. Ile utaacha, utasurrender kwetu iharibiwe."

Nilimpigia Faraj nimwambie. Yeye hawezi kupewa leseni huku na anaishi kule, kwa hiyo uamuzi ulikuwa wangu, lakini nilimpigia kwa adabu. Akasema, "Rukia, please, chukua ile fine one uniwekee. Hiyo ni heritage, urithi wetu. Hiyo ingine ni scrap tu, wape polisi waikate."

Sijui kwa nini neno scrap, chuma chakavu, liliniingia vile. Nadhani kwa sababu nilijiona mimi. Nikamwambia sawa, nitachukua ile nzuri, na nikakata simu kabla sijamwambia lililobaki: kwamba nitaichukua kwa jina langu, nitaifungua mimi, nitaibeba Bahati kwenye tope, nitaipiga mpaka wale kanga wafutike. Ile ya kazi uliyoniachia ikatwe vipande mbele yangu. Nililala na mpango huo siku kadhaa na ulinipa usingizi mzuri.

Jana baada ya hitma, wageni walipoondoka, nilikwenda kwa Mzee Balbir na ufunguo. Alizileta zote mbili akazilaza juu ya kaunta, kwenye taulo. Nikafungua sanduku mwenyewe.

Ulikuwa umeifunga nailoni. Ndani ya sanduku, ndani ya mahameli, ukaivisha nailoni kama rimoti, ukaizungushia raba. Unyevu wa mvua zote za Nakuru uliingia mle ukakosa pa kutokea. Sijui mara ya mwisho ulimfungulia mgeni lini. Nadhani tangu miguu ilipoanza kukusumbua. Nailoni ilitoka na vipande vya kutu, rangi ya udongo wa Bahati. Kanga mmoja anaonekana bado, wa pili hana kichwa. Mzee Balbir alichungulia mitutu akiielekeza dirishani, akatikisa kilemba.

"Hii imekwisha, beti, binti yangu. Ndani imelika yote. Ukipiga hii, itakupasukia usoni. Mzee wako nilimwambia, usifunge, acha ipumue, paka mafuta. Yeye anasema mimi nataka aichafue."

Nilicheka. Nilicheka kwa sauti pale dukani mpaka mteja mmoja akatoka. Nilitaka uwe hai dakika hiyo ili nikuoneshe, nikubebee hilo sanduku mpaka kitandani nikwambie, haya, tazama heshima yako.

Kisha nikamwambia Mzee Balbir basi, imebaki ile mbovu, iwekee jina langu, itafaa kutisha nyani. Akasema mbovu vipi, hii ni safi ndani kama kikombe, mafuta iliyapata. Ila wakusanyaji wa bunduki za zamani hawawezi kuitaka. Nikamuuliza kwa sababu ni ya bei ya chini? Akasema hapana, hata za bei ya chini wanazitafuta sana siku hizi, lakini lazima iwe kama ilivyotoka kiwandani. "Hii imekatwa kitako. Baba yako alileta hapa akanipa urefu kwa uzi, akasema kata. Mimi nikamwambia, utaharibu thamani, na mkono wako ni mrefu. Akasema, kata tu."

Akanipa niishike. Niliiweka begani, Baba, na ikakaa. Shavu likapata mahali pake, jicho likapata mtutu, kidole kikafika bila kuvutwa. Nikaishusha, nikaipandisha tena. Mzee Balbir akaanza kupangapanga vitu vyake kwenye rafu, akanipa mgongo.

Sasa sikiliza. Mwaka ule niliomaliza shule, ulinipeleka uwanja wa kulenga shabaha na ile ya kazi. Ilinipiga bega mpaka likawa zambarau, nikalia, ukanikaripia mbele ya watu. Karibu na Idi ukachukua uzi wa cherehani wa Mama, ukasema nikunje mkono, ukapima kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole cha shahada, ukafunga fundo. Nilijua ni nguo. Nilimwambia kila rafiki yangu Bondeni kwamba mwaka huu baba yangu mwenyewe amenipimia nguo ya Idi. Idi ikafika nikavaa ile ya zamani. Nguo hiyo nimekudai moyoni tangu siku ile, kila Idi, mpaka hii iliyopita nilipokuvalisha kanzu kitandani.

Baada ya Idi tulirudi uwanjani na bega halikuuma. Sahani ya udongo waliyorusha niilenge ilipasuka hewani mara ya kwanza. Ulisema, "Umeona? Umezoea." Nami nikaamini nimezoea.

Kwa hiyo ile pua ilivimba kwa ajili yangu. Uliikata kwa kipimo changu halafu ukaenda kujikunja nayo mashambani nusu ya maisha yako, kidole gumba kikikugonga pua, kwa sababu nyingine "haitoki." Wewe mzee ulikuwa na wazimu gani? Ungesema. Neno moja tu lingetosha: Rukia, hii nimekukatia. Ulikuwa na mdomo, ulikuwa na mimi kando ya kitanda, ulikuwa na kijiko cha maji midomoni, ukachagua kutaja jina la Faraj kwanza na mimi ukaniambia chukua ile ya kazi, kama unanituma sokoni. Unadhani mtoto anasoma kitako cha bunduki?

Nimerudi nyumbani nikapiga magoti mlangoni pa jikoni. Kile kipande cha ubao tunachozuilia mlango usijipige, ambacho nimekipiga teke tangu usichana wangu, nimekiosha kwa sabuni. Kina matundu mawili ya skrubu na mkunjo wa kitako cha bunduki kilichokatwa. Mama alinikuta nimekishika akaniuliza, "Umeona nini?" Nikamwuliza kama alijua. Akasema, "Alinikataza kukitupa." Yeye alidhani ni ubahili.

Sijakusamehe. Nataka ulijue hilo huko uliko. Umeniharibia hata hasira yangu, ilikuwa imenyooka vizuri, sasa inanilisha na kuniliza kwa wakati mmoja, na sina wa kumlaumu ila wewe.

Faraj nitampelekea sanduku la ngozi, tupu, na ufunguo wake. Ile ya heshima itakwenda polisi, na nitasimama pale mpaka waikate. Nailoni za viti nimezichana leo asubuhi na Mama amekalia kochi kwa mara ya kwanza, amekaa pembeni kabisa kama mgeni, lakini amekaa.

Zile salamu nilizokuwekea, zimebaki chache. Pokea hizo hizo. Pumzika, Baba, na Mwenyezi Mungu akupe nafasi nzuri, ila asikupe ufunguo wowote.

Leseni ikitoka, nakwenda Bahati na bunduki yangu. Nitaipaka mafuta na kuiacha ipumue. Mahindi yameanza kukomaa na nyani wameanza kushuka. Nakuahidi, mimi sitakosa.

Mwanao,
Rukia